Panga, kukuri au kisu kikubwa? Namna ya kuchagua, kunoa na kujaribu chuma cha kukatia kuni

Mnunuzi wa panga dukani hulinyanyua kusikia uzito wake, hupitisha kidole gumba kwenye makali, halafu hulipa. Makali ya dukani hayamwambii kitu, kwa sababu mapanga mengi hutoka kiwandani yakiwa yamechongwa kijuujuu tu na mwenye panga ndiye anayetarajiwa kuyamalizia. Uzito nao haumwambii kitu mpaka ajue umekaa sehemu gani ya bapa. Panga la nusu kilo lenye uzito wake mbele na makali yaliyochongwa vizuri litakata tawi haraka kuliko kisu kinene cha kilo nzima ambacho uzito wake wote uko mkononi. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo nitakayoyashikilia tangu mwanzo hadi mwisho: uzito umekaa wapi, na makali yamechongwa kwa pembe gani. Mengine yote ni nyongeza.

Hatua ya 1: Tazama mti kabla ya kutazama panga

Jiulize utakata nini mara nyingi zaidi. Mti mbichi na laini, kama matawi ya mwembe, mgrivilea au msonobari, unataka bapa jembamba linalozama. Mti mkavu na mgumu, kama mgunga au mkaratusi uliokauka, unataka bapa nene kidogo na makali yenye mashavu manene (shavu ni mteremko ule unaotoka kwenye bapa hadi makali), la sivyo utapata vipengo siku ya kwanza. Mpingo, ambao moyo wake ni mzito kiasi cha kuzama majini, usiukate kwa panga lolote. Huo ni kazi ya msumeno.

Kisha tazama unene wa mti. Kwa uzoefu wangu, panga la kawaida lenye bapa la milimita 2 hufanya kazi kwa raha kwenye tawi lisilozidi unene wa kifundo cha mkono. Bapa la milimita 4 au 5 linaweza kupambana na gogo la sentimita 10. Zaidi ya hapo shoka hushinda kila aina ya kisu, na mtu anayekuuzia kisu kwa kusema kwamba kitachukua nafasi ya shoka anakupotosha. Kama una safari ya mguu na kila gramu unaibeba mgongoni, panga jepesi pamoja na msumeno mdogo wa kukunja huzidi kisu kikubwa cha aina yoyote.

Hapo hapo jua kama kuni zenyewe unaruhusiwa kuzigusa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro moto wa kuni umepigwa marufuku, ndiyo maana wapagazi hupanda na mitungi ya gesi. Misitu ya serikali Tanzania iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na ya Kenya iko chini ya KFS, yaani Shirika la Huduma za Misitu, na huko kukata bila kibali ni kosa. Shambani kwako au kwa mwenyeji aliyekukubalia, anza na matawi makavu yaliyokwisha kuanguka.

Hatua ya 2: Fahamu aina zinazoshindanishwa

*Panga la kawaida.* Hili ndilo tunalolijua: bapa la inchi 16 hadi 22, jembamba, lililopanuka karibu na ncha. Kule kupanuka mbele ndiko kunakolipa nguvu, maana uzito unasogea mbali na mkono. Kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa 1874, ilijijengea jina kwa mapanga ya chapa ya mamba. Tramontina ya Brazili, iliyoanza 1911, inauza mapanga mepesi ya bapa jembamba na bei yake ni ya kawaida. Kwa kazi mchanganyiko, yaani kufyeka, kupogoa na kutema kuni ndogo, sioni sababu ya mtu kununua kitu kingine kabla ya kuwa na panga zuri la inchi 18.

*Panga la mhunzi.* Wahunzi wetu hufua mapanga kutoka kwenye bapa la springi ya lori, na hicho ni chuma kizuri sana: kigumu, lakini kinapinda na kurudi. Mapanga haya huwa manene, na ni mazuri kwa kupasua. Tatizo ni kwamba ubora unategemea mkono wa aliyelifua. Mhunzi mmoja hutia chuma kwenye maji au mafuta kikiwa na joto sawasawa, mwingine hukiacha kipoe chenyewe na kikabaki laini. Hatua ya 3 itakusaidia kuwatofautisha.

*Sime.* Naitaja kwa sababu vijana wengi wanaipenda na huibeba wanapokwenda kambini. Sime ya Kimaasai ina makali pande mbili, na hilo peke yake linaiondoa kwenye kazi ya kuni. Huwezi kuweka mkono mgongoni mwake, huwezi kuigonga kwa rungu ili ipasue, na ikigonga fundo la mti ikarudi, upande wa pili unakuelekea wewe. Iache kwa kazi yake.

*Kukuri ya Nepali.* Bapa lake limepinda kwenda mbele, urefu wa sentimita 25 hadi 38, na mgongo wake ni mnene, mara nyingi milimita 6 na kuendelea. Wahunzi wa Nepali wana njia ya kuvutia ya kuimarisha makali: chuma kikiwa chekundu, humimina maji kutoka kwenye birika kufuata mstari wa makali tu, hasa pale tumboni panapopiga. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini usiovunjika. Kwa urefu wake mfupi, kukuri inakata vizuri mno kwenye mti mkavu, kwa kuwa tumbo lake lina uzito na limeshuka chini kuliko mkono. Kwa nyasi na vichaka haifai, ni fupi na nzito. Na kuwa mwangalifu na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii kutundika ukutani.

*Parangi ya Malesia na goloki ya Indonesia.* Hizi ni za watu wa msitu wenye miti migumu: bapa nene kuliko panga, fupi kiasi, na makali yenye mashavu yaliyobinuka nje badala ya kuwa bapa. Martindale hao hao ndio waliolitengenezea Jeshi la Uingereza goloki. Kwa mtu anayetaka chombo kimoja cha kukata na kupasua, umbo hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na mhunzi mzuri anaweza kulifua kutoka kwenye springi ukimpelekea mchoro.

*Visu vikubwa vya Marekani.* Mfano ni Becker BK9 ya Ka-Bar na Junglas ya ESEE. Bapa zao ni za inchi 9 hadi 10 na kidogo, unene karibu milimita 5, na chuma ni cha kundi la 1095, yaani chenye kaboni nyingi, kigumu kuliko cha panga. Vimeundwa vizuri, mpini haulegei, na vinapasua kuni bila woga. Lakini kwa kukata, bapa lenye nusu ya urefu wa panga ncha yake haikimbii kama ya panga, na bei yake ni mara nyingi ya bei ya panga. Nunua kama unataka kisu kimoja kitakachofanya pia kazi ndogo za kuchonga na jikoni. Kama shida yako ni kuni tu, pesa hiyo ina matumizi mengine.

Hapa kuna kanuni moja ya fizikia inayostahili kukumbukwa dukani. Ukiongeza uzito wa bapa mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu bapa refu na jepesi, ambalo ncha yake inakimbia, humshangaza mwenye kisu kinene.

Hatua ya 3: Kagua dukani au kwa mhunzi

Omba ruhusa ya muuzaji, kisha fanya hivi kwa mpangilio.

Shika panga kwa kulitazama kwa urefu, mgongo juu, jicho moja likiwa limefumbwa. Liwe limenyooka kutoka mpinini hadi nchani. Panga lililopinda tangu kiwandani litakuwa linateleza pembeni kila ukipiga.

Liweke juu ya kidole kimoja na utafute mahali linapolala sawa. Kwa kazi ya kukata kuni, mahali hapo pawe mbele ya mpini kwa vidole vinne au zaidi. Likilala sawa pale pale mpini unapoishia, hicho ni kisu kirefu tu, hakina pigo.

Weka ncha kwenye ubao, sukuma mpaka bapa lipinde kiasi cha upana wa vidole vitatu, kisha achia. Likirudi kunyooka kabisa, chuma kimepikwa vizuri. Likibaki na kapindo hata kadogo, ni chuma laini, lirudishe. Mapanga ya bati laini lililopakwa rangi ya kung'aa yapo sokoni kwa wingi, na kipimo hiki huyafichua papo hapo. Bapa nene la springi halitapinda kwa mkono, kwa hilo tumia tupa.

Tupa ya zamani itembeze kidogo kwenye kona ya makali karibu na mpini. Ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitamegeka. Ikila kirahisi kama inavyokula msumari, ni laini. Unachotaka ni tupa ishike, lakini kwa ubishi. Panga zuri huwa na ugumu wa takriban 45 hadi 54 kwa kipimo cha Rockwell, ambao ni chini ya ule wa tupa, na hiyo ni kwa makusudi: panga linatakiwa linoleke kwa tupa shambani.

Mwisho mpini. Tazama ubavuni: chuma kionekane kimepita hadi mwisho wa mpini, kimebanwa kwa ribiti tatu au zaidi. Mapanga ambayo chuma chake kimechongwa kama msumari na kuchomekwa ndani ya mti huchomoka, na bapa linaloruka ni hatari kwa kila aliye mbele yako. Mwisho wa mpini uwe na ndoano au uvimbe unaozuia kidole cha mwisho kisiteleze. Mpini wa plastiki wenye kingo kali usiukatae kwa sababu hiyo, msasa wa dakika chache utauondoa ukali, na ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa vizuri huzuia utelezi wa jasho.

Hatua ya 4: Chonga makali kabla ya kulinganisha chochote

Kulinganisha mapanga mawili yakiwa na makali ya kiwandani ni kulinganisha uvivu wa viwanda viwili. Yachonge yote kwa pembe moja kwanza.

Kwa kuni, pembe ya digrii 20 hadi 25 kila upande ndiyo inayofaa. Digrii 15 ni za nyasi na majani, kwenye mti mkavu hukunjika. Huhitaji chombo cha kupimia, unahitaji rula tu. Sehemu ile inayoshuka kutoka kwenye bapa hadi makali, yaani shavu, upana wake unakuambia pembe. Kwenye panga la unene wa milimita 2, shavu la milimita 3 kila upande ni takriban digrii 20. Kwenye bapa la milimita 3, shavu linatakiwa liwe karibu milimita 4 na nusu. Ukiona shavu la milimita 1 na nusu tu kwenye panga jembamba, ambalo ndilo hali ya mapanga mengi mapya, ujue ni butu kama patasi ya kukatia mawe na halitazama hata ukipiga kwa hasira.

Bana panga kwenye jiliwa au lifunge juu ya benchi, makali yakiwa yanakutazama pembeni. Tumia tupa bapa ya inchi 8 au 10. Sukuma tupa kwa kutoka kwako, kwa mshazari, na uinyanyue unaporudi, tupa haikati ikirudi nyuma. Piga upande mmoja mpaka uhisi kwa ukucha kijikingo chembamba cha chuma kimechomoza upande wa pili, kwa urefu wote wa makali. Geuza, fanya vivyo hivyo. Kisha malizia kwa kinoo chenye maji, ukizungusha mkono kidogo ili kona ya juu ya shavu, pale linapokutana na bapa, iondoke na kubaki na kibinuko. Kibinuko hicho kidogo ndicho kinachofanya vibanzi virushwe nje na panga lisikwame.

Sentimita 5 za mwanzo karibu na mpini unaweza kuzichonga kwa pembe nyembamba zaidi kwa ajili ya kuchonga vigingi. Hapo hapigi mtu.

Grenda nakusihi uiache. Kama huna budi, gusa kwa sekunde moja moja na uchovye kwenye ndoo ya maji kila mara. Makali yakigeuka rangi ya bluu, ugumu wake pale umekwisha, na hakuna kinoo kitakachoyarudisha. Itabidi ukate sehemu hiyo yote mpaka ufike kwenye chuma kizima.

Hatua ya 5: Jaribio lenye haki

Tafuta fito moja ndefu, iliyonyooka, isiyo na mafundo, unene wa sentimita 6 hivi. Lazima iwe fito moja, maana tawi mbichi na tawi kavu la mti ule ule ni miti miwili tofauti. Ilaze juu ya gogo la kukatia, si juu ya ardhi wala jiwe.

Kata kwa chombo cha kwanza, hesabu mapigo mpaka ikatike. Kisha cha pili. Kisha cha pili tena, halafu rudi kwa cha kwanza. Mpangilio huo unafidia uchovu, kwa kuwa chombo kinachojaribiwa mwisho siku zote huonekana kibaya. Rudia mara tatu na uandike.

Wakati unakata, angalia vibanzi. Makali mazuri yanatoa vibanzi vikubwa, vinene upande mmoja, vinavyoruka. Ukiona vumbi na nyuzinyuzi zilizopondwa, bapa linaponda badala ya kukata, na kosa liko kwenye pembe. Bapa likizama sana lakini likawa linang'ang'ania kila pigo, ni jembamba mno kwa mti huo.

Tafuta pia mahali pa pigo. Shika chombo kwa ulegevu na ugonge gogo taratibu kwa sehemu mbalimbali za bapa, kuanzia karibu na mkono hadi nchani. Kuna mahali ambapo mkono hausikii mtetemo wowote. Hapo ndipo pa kupigia siku zote. Kwenye panga la kawaida huwa karibu na pale lilipopanuka. Wenye maumivu ya kiwiko baada ya siku ya kuni mara nyingi wanapiga kwa ncha.

Halafu jaribu kupasua. Simamisha kipande cha gogo chenye urefu wa sentimita 30, weka makali katikati ya kichwa chake, na ugonge mgongo wa chombo kwa rungu la mti. Rungu liwe la mti, chuma kwa chuma huvunja. Panga la milimita 2 litapita kwenye mti ulionyooka lakini litapinda likikutana na fundo. Kukuri, parangi na visu vinene vitapita. Kwa mwenye panga jembamba kuna njia nyepesi: chonga kabari mbili za mti mgumu, fungua ufa kwa panga, kisha acha kabari zimalizie.

Mwisho futa makali na uyaelekeze kwenye jua au tochi. Makali makali hayaonekani. Ukiona mstari unaong'aa, hapo pamekunjwa. Ukiona kidoti cha giza chenye kona, hicho ni kipengo. Chombo kinachokunjika kidogo ni rahisi kukirekebisha, kinachomegeka kina kasoro ya kupikwa.

Hatua ya 6: Kata bila kujikata

Nyoosha mkono ulioshika panga uzunguke. Ndani ya duara hilo na hatua mbili zaidi asiwepo mtu, hasa mtoto anayekuja kuokota kuni.

Kwa fito iliyolala, piga goti. Ukikosa ukiwa umesimama, panga linaendelea mpaka kwenye muundi wa mguu. Ukiwa umepiga goti linaishia ardhini. Gogo liwe kati yako na pigo, na ukate upande wa mbali wa gogo la kukatia. Mkono wa pili ukae mbali, nyuma yako ikiwezekana.

Usipige mti moja kwa moja kukatisha nyuzinyuzi zake. Piga kwa mshazari wa digrii 45, pigo moja kutoka kulia, moja kutoka kushoto, ili utoe kibanzi na kuacha mfereji wa umbo la V. Mdomo wa mfereji uwe na upana sawa na unene wa fito. Ukiwa mwembamba, panga litakwama katikati ya kazi. Matawi ya mti uliolala yakate kuanzia shinani kuelekea kileleni, wewe ukiwa upande wa pili wa shina. Tawi lililokunjwa lenye mvuto likate upande wa nje wa mkunjo, litakatika kwa pigo moja au mawili, ila simama pembeni kwa sababu linafyatuka.

Mpini ushike kwa ulegevu, kidole gumba na cha shahada vikibana, vidole vingine vikifunga pale tu bapa linapogusa mti. Mkono ukianza kutetemeka, pumzika. Ajali nyingi hutokea mtu akimalizia fito ya mwisho.

Hatua ya 7: Tunza

Utomvu ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, kisha paka mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi baada ya muda. Pwani, kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja, panga lililoachwa na unyevu hushika kutu usiku mmoja, kwa hiyo fanya kabla ya kula.

Usilihifadhi ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, ngozi hunyonya unyevu na kuuweka kwenye chuma. Ala nzuri unaweza kuitengeneza kwa kipande cha bomba la PVC: kipashe moto mpaka kilainike, kibane kati ya mbao mbili kiwe bapa huku panga likiwa ndani limefungwa gazeti, kisha kiache kipoe.

Kipengo cha chini ya milimita moja usikifukuze, kitaisha chenyewe baada ya kunoa mara kadhaa. Kikiwa kikubwa, punguza makali yote kwa tupa kwa usawa mpaka ufike chini ya kipengo, halafu uyachonge upya mashavu yote mawili ukipima kwa rula. Ukichimba mahali pamoja tu utabaki na bonde kwenye makali, na hapo ndipo kila pigo litakapokuwa linakwama.